HARUFU YA SHIRA KATIKA MANUKATO
Yatoka wapi, nayo yatumiwaje nyumbani?

Mtu akipita karibu na jiko ambako kaimati zinatiwa shira, au mahali ambapo maji ya miwa yanachemshwa yawe sukari guru, pua yake humpa habari kabla ya macho yake kuona. Harufu ile ni tamu, nayo humkumbusha mtu sikukuu na arusi. Si ajabu basi kwamba watu wengi hupenda kuivaa katika nguo na mwilini, kama wanavyovaa harufu ya asumini na ya waridi. Siku hizi chupa nyingi za manukato zinazouzwa madukani na minadani zina harufu hiyo ya sukari iliyopikwa.

Lakini hapo ndipo wengi wanapokosea. Wako wanaodhani ya kuwa kila kinachonukia kama sukari kina sukari ndani yake. Kwa hiyo huchukua shira au asali, wakaitia katika chupa pamoja na spiriti, wakitumaini kupata manukato ya kujipaka au ya kuuza. Baada ya siku mbili tatu wanaona mashapo chini ya chupa. Wakijipaka, ngozi yanata. Wakinyunyiza katika nguo, sisimizi wanakuja. Fedha imepotea, na nguo ya kwendea arusini imeharibika.

Tunataka leo kueleza jambo hili kwa utaratibu, maana mama anayelijua aweza kutengeneza kitu kizuri kwa gharama ndogo, na asiyelijua aweza kupata hasara, hata kuumia.

SUKARI HAINA HARUFU

Tuanze na jaribio ambalo kila mmoja aweza kulifanya. Twaa kijiko cha sukari nyeupe, ukisogeze puani. Hutasikia kitu. Weka punje chache ulimini: mara moja wasikia utamu. Kwa nini ulimi unajua na pua haijui?

Sababu yake ni hii. Ili kitu kinukie, lazima chembe zake ndogo sana ziruke hewani na kuingia puani. Chembe za sukari ni nzito, tena zimeshikana sana, haziruki. Kwa hiyo utamu wa sukari ni habari ya ulimi peke yake.

Sasa iweke sukari ile katika sufuria kavu juu ya moto. Joto likifika digrii 160 hivi huanza kuyeyuka, kisha hugeuka rangi ya dhahabu, halafu rangi ya kahawia. Hapo nyumba nzima hunukia. Ni kitu gani kimetokea? Moto umezivunja zile chembe nzito, zikawa chembe nyingine za namna nyingi, nyepesi, ziwezazo kuruka. Moja kati yake wataalamu huiita maltoli. Nayo haipatikani katika sukari iliyoungua tu; imo pia katika shayiri iliyokaangwa na katika maganda ya miti fulani ya nchi za baridi. Lakini ukizidisha moto, sukari hugeuka nyeusi na moshi wake huwa mkali, wenye kuwasha macho.

Jambo hili laonekana vizuri sana huko Kanada na kaskazini ya Marekani. Huko kuna mti uitwao mepuli, ambao jani lake limechorwa katika bendera ya Kanada. Mwisho wa majira ya baridi watu hutoboa shina la mti huo na kukinga maji yake, kama watu wa kwetu wanavyokinga tembo la mnazi. Maji yale yana utamu mdogo tu, na harufu yake ni hafifu. Huchemshwa kwa muda mrefu, hata lita 40 za maji ya mti zikabaki lita moja ya shira nzito yenye rangi ya kahawia. Wenyeji wa kwanza wa nchi zile waliijua kazi hiyo kabla Wazungu hawajafika. Harufu nzuri ya shira ile huzaliwa katika sufuria, kwa kazi ya moto.

Basi tukumbuke neno hili la kwanza: harufu ya shira si sukari yenyewe. Ni kitu kinachotokea sukari au mmea ukipata moto kwa kiasi.

UDI WA KUPIKA

Watu wa pwani yetu wamelifahamu jambo hili siku nyingi bila kusoma vitabu vya wataalamu. Katika Unguja, Pemba, Mombasa na Lamu, na kadhalika huko Oman na nchi za Ghuba, wanawake hupika udi kwa shira. Udi wenyewe ni vipande vya mti wa Asia ambao, ukijeruhiwa na kuingiliwa na kuvu, hutoa utomvu mweusi wenye harufu nzuri ndani ya shina lake. Vipande hivyo ni ghali. Kwa hiyo watu huchukua vipande vidogo na unga wake, wakavishikanisha kwa shira pamoja na unga wa sandali, marashi ya waridi na mafuta ya manukato. Kisha huvifukiza katika chetezo juu ya makaa, nguo na nywele zikapata harufu.

Katika kazi hiyo shira ina faida tatu. Kwanza, hushikanisha unga na vipande visitawanyike. Pili, huchelewesha kuungua, maana udi usio na shira huteketea upesi. Tatu, shira yenyewe ikipata joto la makaa hutoa ile harufu ya sukari iliyopikwa, nayo hutangulia na kuuchukua udi nyuma yake. Ndiyo maana udi wa kupika hunukia utamu ambao mti mtupu hauna.

Kila nyumba ina kipimo chake, na mabibi wengine hawakitoi ila kwa binti zao. Lakini kwa mwanafunzi wa kazi hii, kipimo cha kujaribia ni hiki: sukari kikombe kimoja, marashi ya waridi nusu kikombe, vipande na unga wa udi pamoja na unga wa sandali vikombe viwili. Sukari na marashi vichemshwe kwa moto mdogo mpaka shira iwe nzito na kuvutika kama uzi kati ya vidole viwili vya mwiko. Hapo sufuria iepuliwe. Udi na sandali vitiwe na kukorogwa upesi. Joto likipungua ndipo mafuta ya manukato yatiwe, wala si kabla, maana harufu zake hukimbia pamoja na mvuke. Kisha mchanganyiko umwagwe katika sinia iliyopakwa mafuta kidogo, ukandamizwe, ukatwe vipande, uachwe kivulini siku kadhaa mpaka ukauke. Baada ya hayo utiwe katika chupa yenye kifuniko cha kukaza. Sukari huvuta unyevu wa hewa, na udi uliolowa huota ukungu.

Neno moja juu ya sandali. Msandali wa porini wa nchi zetu umekatwa mno, mpaka kung'olewa na mizizi yake. Mwaka 2007 serikali ya Kenya ilikataza kuukata, na tangu mwaka 2013 biashara yake ya kuvuka mipaka kutoka Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Ethiopia iko chini ya ulinzi wa mkataba wa mataifa uitwao CITES. Kwa hiyo mtu asishawishiwe kwenda kuukata mwituni kwa ajili ya manukato. Anunue unga wake kidogo kwa muuzaji wa halali, au atumie udi na marashi peke yake.

MMEA WENYE HARUFU YA SHIRA

Tumeona jinsi moto unavyoitoa harufu hiyo katika sukari. Lakini uko pia mmea ambao punje zake zina harufu ya namna hiyo ndani yake. Mmea huo si mgeni kwetu. Ni uwatu, zile punje ndogo za rangi ya manjano, ngumu kama mawe, zinazouzwa katika maduka ya viungo. Hulimwa sana Bara Hindi, nao ni wa jamaa moja na mbaazi na karanga. Wapishi huutia katika bizari ya mchuzi. Wengi wanaujua kwa uchungu wake, wala hawadhani kwamba una neno na manukato.

Hebu sikilizeni habari iliyotokea Marekani. Mwezi wa Oktoba mwaka 2005, watu wengi wa mji wa New York walisikia usiku harufu ya shira ya mepuli katika barabara zao. Wengine walifurahi, lakini wengi waliogopa wakapiga simu kwa serikali, wakidhani kwamba adui ametia sumu hewani. Hewa ikapimwa, haikuonekana kuwa na madhara. Harufu ikapotea, ikarudi, ikapotea tena, kwa muda wa miaka zaidi ya mitatu. Hata mwezi wa Februari mwaka 2009, Meya Michael Bloomberg aliwatangazia watu kwamba chanzo chake kimejulikana: ng'ambo ya mto Hudson, katika jimbo la New Jersey, palikuwa na kiwanda kilichoshughulikia punje za uwatu ili kutengeneza vikolezo vya harufu. Upepo ulipovuma kutoka upande ule, mji mkubwa kama New York ulinukia shira.

Kitu kinachofanya uwatu unukie hivyo wataalamu hukiita sotoloni. Mwaka 1980 wataalamu wa Japani walieleza kwamba kitu hicho hicho ndicho kinachoipa sukari ya miwa isiyosafishwa harufu yake. Kwa hiyo sukari guru na uwatu, ambavyo ulimini vinapingana kabisa, kimoja kitamu na kingine kichungu, puani ni ndugu.

KIASI NDICHO FUNDI

Sotoloni ina nguvu sana. Gramu moja tu ikichanganywa katika lita milioni moja za maji, bado mtu aweza kuitambua. Tena ina tabia ya ajabu: ikiwa chache sana, hunukia shira, ikizidi, hunukia mchuzi wa bizari. Hapo ndipo penye siri yote ya kazi hii. Tuseme binti mmoja amekwenda kwa shangazi yake na chupa mkononi:

— Shikamoo, shangazi.

— Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekunjamana?

— Shangazi, nimeloweka uwatu katika mafuta ya nazi ili nipate harufu ya shira. Sasa nikijipaka, ndugu zangu wananiuliza kama nimetoka kupika pilau.

— Umetia uwatu kiasi gani?

— Nusu chupa, shangazi. Nilitaka utamu uwe mwingi.

— Ndiyo sababu, mwanangu. Chumvi ikizidi katika mboga, je, mboga inazidi kuwa tamu? Lete mafuta mengine safi. Tutatia kijiko kimoja cha hayo yako katika vijiko kumi vya haya, kisha unuse tena kesho.

Shangazi huyu amesema kweli. Katika manukato, kinachozidi huharibu.

MAFUNDI WA ULAYA NA HARUFU TAMU

Mafundi wa manukato wa Ufaransa hupanga harufu kama mwalimu wa kwaya anavyopanga sauti. Ziko harufu za juu, kama za ndimu na machungwa, ambazo husikika kwanza na kutoweka upesi. Ziko za kati, kama za maua. Ziko na za chini, kama za mbao, utomvu na vitu vitamu, ambazo husikika hata baada ya saa nyingi. Harufu ya shira kwa kawaida ni ya upande wa besi. Kazi yake ni kuzibeba nyingine. Besi ikipiga kelele kuliko wote, wimbo umeharibika.

Harufu tamu waliyoipenda kwanza ni ya vanila. Mmea huo asili yake ni Meksiko. Ulipopandwa katika nchi nyingine ulitoa maua bila matunda, maana wadudu wa kuuchavusha hawakuwako. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, mtoto mtumwa wa miaka 12 aliyeitwa Edmond Albius alivumbua njia ya kuyachavusha maua yake kwa kijiti na kidole. Njia yake ndiyo itumikayo mpaka leo katika Madagaska, Komoro, Uganda na mkoa wetu wa Kagera. Na tazameni: ganda la vanila likiwa bichi halina ile harufu. Lazima lipitishwe katika maji ya moto, lifunikwe litoe jasho, lianikwe na kutunzwa miezi kadhaa, ndipo linukie. Hapa tena, joto na uvumilivu ndivyo vinavyozaa utamu.

Mwaka 1874 wataalamu wawili wa Ujerumani, Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann, waliweza kutengeneza kile kitu kinachonukia katika vanila kutokana na utomvu wa misonobari. Tangu siku ile manukato ya vanila yalianza kuwa rahisi. Kisha mwaka 1992 katika Ufaransa yalitokea manukato yaitwayo Angel, ya nyumba ya Thierry Mugler, yaliyotengenezwa na fundi Olivier Cresp. Ndani yake mlitiwa kwa wingi kitu kiitwacho etili-maltoli, ambacho hunukia sukari iliyopikwa, pamoja na harufu nzito ya majani ya pachuli. Kitu hicho ni ndugu wa ile maltoli ya sukari iliyoungua, ila ni kikali kuliko hiyo mara kadhaa, nacho hakipatikani katika mmea wowote. Hutengenezwa na watu. Manukato yale yalipendwa sana, na wengine wengi wakafuata. Ndiyo asili ya harufu za sukari tunazozisikia leo hata katika minada ya vijijini.

Kwa hiyo mwuzaji akikuambia, "Mama, hii ni asali tupu ya maua," usimlipie asali. Harufu iliyotengenezwa na watu si mbaya kwa sababu hiyo tu, lakini bei yake si bei ya asali wala ya vanila ya Kagera.

MAFUTA YA UWATU NYUMBANI

Mtu asiye na udi wala fedha ya chupa ya dukani aweza kujitengenezea mafuta yenye harufu ya shira kwa njia hii rahisi.

Twaa vijiko viwili vya punje za uwatu. Uzikaange katika kikaango kikavu kwa moto mdogo, ukikoroga, mpaka zigeuke rangi kidogo tu. Zikiiva mno hunukia kuungua. Uziponde zisiwe unga laini. Uzitie katika chupa safi iliyokauka kabisa, ukamimine juu yake kikombe kimoja cha mafuta safi ya nazi. Maji yakiingia, hata matone machache, mafuta yataharibika. Funga chupa, uiweke mahali penye giza wiki mbili, ukiitikisa kila siku. Kisha chuja kwa kitambaa safi.

Mafuta hayo si ya kujipaka hivi hivi. Ni mama wa harufu. Chukua kijiko kimoja cha chai, ukichanganye na vijiko kumi vya mafuta ya nazi ambayo umelowekea maua ya asumini na kuyachuja. Acha siku moja, kisha unuse nyuma ya mkono. Ukisikia asumini kwanza, na utamu ukifuata nyuma, umefaulu. Ukisikia bizari, ongeza mafuta ya asumini. Andika kipimo chako katika daftari, ili ukipata mnunuzi uweze kumpa kilekile alichokipenda mara ya kwanza. Wengi hupoteza wateja kwa sababu chupa ya pili hainukii kama ya kwanza.

MAMBO YA KUJIHADHARI

Kwanza, usitie shira, sukari wala asali katika manukato ya spiriti au ya mafuta. Sukari haiyeyuki katika spiriti kali wala katika mafuta; hukaa chini. Mahali pa shira ni katika udi wa kufukiza.

Pili, usitumie spiriti usiyoijua. Ziko spiriti za viwandani na za kuwashia taa zenye methanoli, nayo ni sumu. Ikinywewa hupofusha macho na kuua, nayo yaweza kuingia mwilini hata kwa kupitia ngozi. Chupa ya manukato nyumbani kwaweza kufikiwa na mtoto. Ifunge mahali pa juu.

Tatu, shira ikiwa jikoni, watoto wawe mbali. Maji yanayochemka ni digrii 100, lakini shira iliyoanza kugeuka rangi imepita 150, tena hunata ngozini haifutiki upesi. Mtu akiungua, atiwe maji baridi yanayotiririka dakika 20, wala asipakwe mafuta wala asali, kisha apelekwe zahanati kama jeraha ni kubwa.

Nne, chetezo kisiwekwe katika chumba kilichofungwa, hasa alimolala mzazi na mtoto mchanga. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Udi hunukia vizuri, na mtu hulala asijue kwamba analala usingizi wa mauti. Fukiza nguo, fungua dirisha, kisha toa chetezo nje kabla ya kulala.

Tano, kabla ya kujipaka mafuta mapya, paka kidogo ndani ya mkono, ungoje siku nzima. Ngozi ikiwasha au kuvimba, acha. Mtu anayedhurika na karanga ajihadhari zaidi na uwatu, kwa kuwa ni wa jamaa moja. Watoto wachanga wasipakwe kabisa.

NENO KWA KINA MAMA

Harufu hii ya shira ina habari nyingine ambayo kila nyumba yafaa iijue. Mtu akila uwatu mwingi, jasho lake na mkojo wake hunukia shira kwa siku moja au mbili. Hilo si ugonjwa. Ni sotoloni inayotoka mwilini. Katika sehemu nyingi wanawake hupewa uji au mchuzi wa uwatu baada ya kujifungua ili wapate maziwa, kwa hiyo hata mtoto aweza kunukia hivyo kidogo.

Lakini uko ugonjwa wa kuzaliwa nao, ulioelezwa mara ya kwanza mwaka 1954 na daktari John Menkes na wenzake huko Marekani, ambao dalili yake ni mkojo wa mtoto mchanga kunukia kama shira au sukari iliyoungua. Mwili wa mtoto huyo hauwezi kutumia sehemu fulani za chakula kilichomo katika maziwa, basi hugeuka sumu ndani yake. Ugonjwa huu ni wa nadra, hukadiriwa kumpata mtoto mmoja katika watoto 185,000 hivi wanaozaliwa, lakini huua upesi. Kwa hiyo mtoto wa siku chache akikataa kunyonya, akilegea au kukakamaa, akitapika, na mkojo wake au nta ya masikio yake ikanukia sukari iliyoungua, asingojewe mpaka kesho. Apelekwe hospitali, na mama amwambie daktari habari ya ile harufu, tena amweleze kama amekula uwatu au hakula. Neno hilo moja laweza kumwongoza daktari.

Basi, wasomaji wapenzi, mwenye kutaka harufu ya shira sasa anajua aitafute wapi: katika sukari iliyopata moto wa kiasi juu ya chetezo, katika ganda la vanila lililotunzwa kwa uvumilivu, na katika punje za uwatu zilizotiwa kidogo. Wenye ujirani na maduka ya viungo waanze na uwatu, maana gharama yake ni ndogo. Wenye mabibi wanaojua kupika udi wakae karibu nao jikoni, wapime kwa kikombe, waandike, kabla kipimo hakijaenda na mwenyewe. Kizuri chajiuza, lakini lazima kiwe kizuri kila mara kinapotengenezwa, na mwenye kukitumia awe salama.